Walio Kwenye Orodha ya Bure

Tarehe 4 Machi

Mbomoa Redio wangu,

Huku sote wazima, mgonjwa ni bando tu. Usicheke, maana ndilo lililonikalisha chini na kalamu. Ningekupigia, lakini unaijua sheria ya marehemu baba: jambo zito huandikwa, kwa sababu kwenye simu watu wa nyumba hii hufokeana mpaka salio linakwisha na hakuna aliyemsikia mwenzake. Basi nimechana karatasi ya kahawia, ile tunayochoria vipimo karakanani, na barua nitampa kondakta wa basi la asubuhi.

Jambo lenyewe ni hili Bando la Jirani la kampuni yenu ya simu. Mabango yamejaa mtaani, mwanamke anaichekea simu meno yote nje. Kwa bei ya kutupa mtu anapata bure sehemu za kupiga soga, video za watu wanaokata viuno na michezo ya kubahatisha. Vitu vingine vyote vinakula bando kama mchwa, tena vinakwenda kwa kujikokota. Na kwenye hivyo vingine ndimo ilimo tovuti yetu ya masomo ya lugha ya ishara.

Hali ya nyumbani unaijua. Natoka asubuhi kwenda kushona sare za shule, narudi jioni mgongo umekufa. Kutwa mwanangu Chiriku anabaki na Mama. Mtoto hasikii, na bibi yake alikuwa hajui ishara hata moja. Walikuwa wakitazamana kama abiria wasiojuana. Tangu mimi na akina mama wenzangu tuanze kurekodi yale masomo, Mama amejifunza. Anajua kusema "njaa", "panauma wapi", "njoo nikusuke". Juzi alimsimulia kisa cha sungura mwanzo mpaka mwisho, na vidole vyake vile vya baridi yabisi, mtoto akacheka mpaka akajikojolea. Hilo jina la Chiriku hatukumpa kwa utani, akianza kuzungumza kwa mikono hanyamazi.

Sasa video inaanza, mkono unapanda, unaganda hapo juu. Mama anasubiri simu ikiwa mapajani, Chiriku anamvuta kanga, mwishowe Mama anaizima na kusema macho yake yamechoka. Anadhani kosa ni lake.

Mwalimu naye analia hivyo hivyo. Namsema yule aliyenifundisha ishara bila kunidai chochote, Chiriku akiwa bado anatambaa. Yeye mwenyewe hasikii, na tovuti yake ndiyo ya kwanza. Yetu imezaliwa na yake. Mwezi wa tano mamlaka ya mawasiliano itasikiliza malalamiko ya watu kuhusu haya mabando, na Mwalimu amejiandikisha kusema. Ameniomba niwe mkalimani wake. Nimekubali kabla hajamaliza kuuliza.

Wewe uliyekuwa ukibomoa redio utotoni sasa uko ndani huko. Hebu niambie, ni nani anayeamua kipi kipite bure na kipi kijikokote?

Dada yako

*

Tarehe 12 Machi

Dada, shikamoo,

Na Mama mfikishie yake. Mwambie macho yake hayana kosa.

Kueleza ni rahisi kuliko kutengeneza. Chukulia duka lenye foleni mbili. Kuna orodha: waliomo wanapita foleni ya mbele na bando haliwahesabu, wasiomo wanasubiri. Wengine wanalipia kuwemo, wengine wanawekwa kwa sababu wanavuta wateja. Mitambo haina chuki na mtu, dada. Ni biashara, na mwenye nguvu mpishe.

Umeuliza nani anaamua. Ofisini mambo hupita mikono mingi, huwezi ukamshika mtu mmoja shati ukasema ni huyu.

Lakini orodha ina fungu la huduma za jamii, na mpaka leo fungu hilo ni tupu. Nitawasemea. Nikifanikiwa, mtaingia nyinyi bila kulipa chochote. Ombi langu ni moja: usimwambie Mwalimu kwanza. Ukimfungulia mmoja mlango watakuja kumi, na mimi huku bado ni mdogo.

Chiriku mwambie mjomba anamsalimia kwa mikono miwili.

Mbomoa Redio

*

Tarehe 2 Aprili

Mbomoa Redio wangu, mwana wa mama yangu,

Vigelegele! Ungeniona jana ungesema nimeolewa upya. Nimerudi kutoka kazini nimemkuta Mama kavaa miwani, simu kaiegemeza kwenye chupa ya chai, mikono inapaa, na Chiriku mbele yake anamsahihisha kama mkaguzi wa shule. Video inatiririka kama maji, na bando halikupungua hata chembe. Nimekaa mlangoni nimelia, na viatu sijavua.

Kampuni yenu Mungu aizidishie. Nilikuwa nikiitukana kila nikikanyaga cherehani, sasa naiombea. Familia zinaongezeka kila siku. Hata watoto wa Mwalimu wote wamehamia kwetu, tovuti yake imebaki mahame, nasikia hata buibui wamefungasha.

Hapo nimekutania tu, lakini nimeandika na mkono umekuwa mzito. Maana Mwalimu alipita karakanani akaniuliza sisi tumefanyaje hata tukawa wepesi hivi. Nikamjibu sijui, labda mnara wa huku umetengenezwa. Niliinamia pindo la sketi kama vile uzi umekatika, uso unaniwaka moto. Akaniamini. Angenibishia ningejisikia afadhali.

Lakini Mama anaongea na mjukuu wake. Ningefanyaje?

Dada yako mwenye furaha na soni

*

Tarehe 15 Aprili

Dada, shikamoo,

Barua yako niliisomea kazini nikashindwa kujizuia. Meneja alikuwa anapita, akataka kujua nacheka nini, nikamsomea kile kipande cha buibui. Alicheka mpaka akashika ukuta. Siku hizi ananiita kwa jina langu la utani.

Usijisumbue sana kuhusu Mwalimu. Ni mtu mzima, atapata njia.

Halafu nilikuwa nafikiria ule mkutano. Ni lazima uende wewe? Muhula unakaribia, karakana itakuwa imejaa sare mpaka dirishani, na wewe na mgongo huo. Wakalimani wapo wengine. Nasema tu.

Mbomoa Redio

*

Tarehe 24 Aprili

Mdogo wangu,

Tangu lini mgongo wangu ukakukosesha usingizi? Wewe uliyekuwa unanipandia mpaka darasa la nne?

Nitakwenda. Mwalimu amefunga tovuti yake wiki iliyopita. Hakulalamika, alisema tu kwamba mwalimu asiye na wanafunzi ni mtu anayepunga hewa. Kisha akaniambia amefurahi kwamba walau yetu ipo. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Kumtafsiria siku hiyo ndiyo kitu pekee nilichobakiwa nacho cha kumpa. Usiniombe nimnyime na hicho.

Dada yako

*

Tarehe 16 Mei

Bwana wa Kampuni,

Shikamoo yako baki nayo.

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na feni moja inayolia kama mtoto mwenye njaa. Mwalimu alisimama na shati lake jeupe, mimi pembeni yake nikiwa sauti yake. Alisema hivi: "Sisi hatuombi vya bure. Tunaomba mkono wa mtoto anayejifunza kusema upite kwa mwendo ule ule anaopita nao mtu anayecheza muziki, na kwa bei ile ile. Mkichagua nyinyi nani apite, mmeshachagua nani atanyamaza." Watu walipiga makofi. Wachache waliojua walipunga mikono hewani, ndivyo wasiosikia wanavyoshangilia. Nilijiona mtu.

Kisha akasimama Meneja wako, suti ya kijivu na sauti ya kubembeleza. Akasema kampuni inawapenda sana wasiosikia, na ushahidi anao, barua ya mama mmoja, kaiandika mwenyewe bila kuombwa. Akatoa karatasi ya kahawia.

Niliijua karatasi kabla hajafungua kinywa. Na Mwalimu aliijua. Miaka yote namwandikia vijikaratasi vya namna hiyo hiyo nikimwahirishia somo.

Kazi ya mkalimani unaijua? Kinachosemwa anakifikisha, kitamu au kichungu. Meneja wako alianza kusoma, na Mwalimu akageuka kunitazama mikono. Ningeweza kusema nimeumwa. Ningeweza kutoka nje. Badala yake nilimwambia kwa mikono yangu kwamba kampuni yenu Mungu aizidishie. Nikamwambia kwamba watoto wake wote wamehamia kwetu. Nikamwambia mahame. Ilipofika kwenye buibui Meneja alicheka kidogo, na ukumbi ukacheka naye, na mimi nikafanya ishara ya buibui. Ishara hiyo alinifundisha yeye, nyumbani kwake, kwa kunitembezea vidole begani mpaka nikapiga kelele.

Meneja aliishia hapo. Pale nilipokuandikia kwamba nimemdanganya Mwalimu, hakupasoma. Nilipamalizia mwenyewe. Meneja alikuwa ameshaanza kuzungumzia minara, na mimi mikono yangu ilikuwa bado inamwambia Mwalimu: niliinamia sketi, nikakuambia sijui, nilijua. Wenye masikio wote mle walidhani natafsiri minara.

Hakunikatiza. Nilipomaliza aliomba maji.

Sasa nijibu mambo mawili, na safari hii usiniletee habari za mikono mingi. Karatasi yangu ilitokaje mkononi mwako? Na orodha hiyo anaishika nani?

Mimi

*

Tarehe 23 Mei

Dada,

Naishika mimi.

Meneja anasema fulani aingie, fulani atoke, lakini anayekaa mbele ya mtambo na kuandika jina au kulifuta ni mimi, tangu siku Bando la Jirani lilipoanza. Uliponiuliza mara ya kwanza nilitaka kukujibu, nikakumbuka Mama alivyowatangazia majirani kwamba mwanawe anaendesha mtandao. Nikaona bora unione mdogo kuliko unione vile nilivyo. Tovuti ya Mwalimu niliiona ikijikokota kwenye kioo changu kila asubuhi. Nilijua ni ya nani.

Karatasi Meneja aliniomba akaisome vizuri. Nilimpa. Nilijua ataipeleka wapi, ndiyo maana nikaanza kukuhurumia mgongo. Sikuwa na ujasiri wa kumnyima, na sikuwa na ujasiri wa kukuambia nimempa. Siku hizi nanyoa ndevu bila kioo, nimejikata mara mbili.

Nimefikiria namna ya kurekebisha. Nafasi ya Mwalimu kwenye fungu la jamii nimeshaitayarisha. Afungue tovuti yake, unipe neno moja, na jioni hiyo hiyo atakuwa foleni ya mbele pamoja nanyi. Wote mtakuwemo. Nisamehe.

Mdogo wako

*

Tarehe 1 Juni

Mdogo wangu,

Nilikwenda kwa Mwalimu. Nilitembea nikitayarisha maneno, nilipofika mlangoni yote yakanikimbia, nikabaki na msemo wa wazee: shukrani ya punda ni mateke. Nikamwambia punda ndiye mimi. Akafanya ishara ya punda, akaongeza masikio marefu kuliko inavyotakiwa. Hiyo ndiyo adhabu niliyopata, na iliniuma kuliko kofi.

Nilimpelekea hiyo nafasi yako. Akauliza, "Nikishaingia mimi, nani atakuwa nje?" Nikasema sijui. Akasema yeye anajua, atakuwa mtu ambaye hana mdogo wake kwenye kampuni. Akasukuma kikombe chake pembeni na hakulizungumza tena.

Basi sikiliza. Mamlaka itakaa tena tarehe ishirini, na mara hii nimejiandikisha kusema kwa mdomo wangu. Siwezi kusimama pale kulaumu meza huku mashavu yamejaa cha mezani. Tutoe kwenye orodha. Akina mama wenzangu nimewaambia yote, mmoja amenitukana, wawili wamelia, wamekubali.

Mama nimemwambia pia. Hakuuliza habari za bando. Aliuliza, "Kwa hiyo mwanangu ndiye aliyekuwa anaugandisha ule mkono?" Akachukua simu, akatazama somo la kwanza la siku za wiki, la Jumatatu na Jumanne, mara tatu mfululizo, midomo inamcheza, kama mtu anayekunywa maji kabla ya safari.

Futa jina letu. Lifute wewe mwenyewe, usimpe mwingine.

Dada yako

*

Tarehe 9 Juni

Dada, shikamoo,

Nimelifuta. Kulifuta ni kazi ndogo kuliko kufungua kopo. Nilibaki naangalia masomo yenu yakirudi foleni ya nyuma. Kulikuwa na mtu mmoja anatazama wakati ule, kutoka mtaa wenu. Somo la hesabu za sokoni. Likaganda. Akarudia. Likaganda. Najua huenda hakuwa Mama.

Meneja hajagundua. Mkutanoni tarehe ishirini ananitaka nikae safu yao, nimpe takwimu akiulizwa. Nitakuwepo, dada, na nakuahidi hili: wakiuliza nani anashika orodha na inavyopangwa, nitasimama. Nitasema yote, hata nikitoka pale bila kazi. Nimechoka kujikata.

Mdogo wako

*

Tarehe 22 Juni

Mdogo wangu,

Nilikuona. Shati la bluu, safu ya pili, faili mapajani.

Nilisema yangu. Meneja alipodakia kwamba tovuti yetu inapita bure, nikamwambia haipiti tena, tumejitoa wenyewe. Alikugeukia na wewe ukafungua faili. Ndipo mwenyekiti alipouliza, tena mara mbili, nani hasa anapanga orodha na kwa kipimo gani. Meneja akajibu kwamba ni mfumo, unajipanga wenyewe. Nilingoja usimame. Feni ilikuwa imeharibika, hata hiyo haikulia. Mimi nilikuwa nakutazama wewe, na wewe ulikuwa unatazama viatu vyako.

Mwalimu aliniuliza kwa mikono, "Mfumo ni nani?" Nikamjibu sijui. Hii ni mara ya pili namjibu sijui, mdogo wangu, huku najua. Safari hii hakuniamini. Alifuata macho yangu mpaka kwenye shati la bluu, akarudi kwangu, akanigusa bega.

Kwa hiyo sikuandikii kwa hasira. Kiti ulichokalia nakijua joto lake, nilikikalia karakanani siku ile ya sketi. Nakuonea haya na najionea haya, sijui ipi ni ipi.

Mama na Chiriku wamefika Jumatano kwenye masomo ya siku za wiki. Jumatatu na Jumanne Mama aliziwahi kabla hujafuta. Jana video iliganda mkono ukiwa juu, na Mama, badala ya kuizima, akauinua wake vilevile akauacha hewani, akamtazama Chiriku kumuuliza sasa unakwenda wapi. Mtoto hakujua. Somo hilo hakuwa amelifikia. Walikaa hivyo, mikono juu wote wawili, mpaka nilipoingia.

Mamlaka itatoa uamuzi baada ya kikao cha mwisho, Ijumaa ya wiki ijayo, ukumbi ule ule. Mwenyekiti amesema atauliza tena swali lake.

Najua umeshashika kalamu kuniomba radhi. Iweke chini. Baba alisema jambo zito huandikwa, nasi tumemtii mpaka tumejificha humo. Hili lako halikuwa la karatasi. Lilikuwa la kusimama na kulisema kwa mdomo, watu wanasikia, na asiyesikia nimtafsirie.

Usiniandikie. Nitakuwa nimesimama mbele, mikono tayari.

Dada yako